Kurudi Darasani na Kukimbilia Chuo: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Malindi

Mimi ni mwalimu, na jioni huwafundisha vijana riadha hapa Malindi. Digrii yangu niliipata nikiwa tayari nina watoto, kwa ule mpango wa walimu wa kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Disemba. Kwa hiyo wanaonijia ni wa aina mbili. Kuna wafanyakazi na wazazi wanaotaka kurudi shule, na kuna vijana wanaotumaini kwamba mbio zao zitawalipia karo ya chuo kikuu. Nimeyaweka maswali yao pamoja kwa sababu mara nyingi hutoka nyumba moja. Mama huuliza ya kwake kwa sauti ya chini, kisha huuliza ya mwanawe kwa sauti ya juu. Swali la kujiandikisha chuo cha hapa kabla ya kwenda Marekani naomba lisirukwe. Limewaponza vijana wengi, na wote walikuwa wakifanya lile waliloliona jema.

Elimu endelevu ndiyo ile ngumbaru?

Hapana. Ngumbaru ni kumfundisha mtu mzima kusoma na kuandika, na ni kazi ya heshima kubwa. Elimu endelevu ya chuo kikuu ni kozi za cheti, diploma, digrii au kozi fupi zilizopangwa kumfaa mtu mwenye kazi na familia: jioni, wikendi, wakati wa likizo au kwa mtandao. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kupeleka wahadhiri wake miji mingine wakawafundishe watu waliokuwa hawawezi kuja chuoni. Kwetu Afrika Mashariki, Makerere ilifungua idara yake ya masomo ya nje mwaka 1953. Tanzania ikaunda Chuo Kikuu Huria kwa sheria ya 1992, na Kenya ikapata chake, The Open University of Kenya, mwaka 2023. Makao yake ni Konza, lakini mwanafunzi husoma akiwa popote alipo.

Nina miaka 46. Sitaonekana kichekesho?

Dada yangu, mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge alivaa kaptura ya shule akaingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84. Wewe una nusu ya umri wake na zaidi kidogo. Vyuo vyetu havina sheria inayomzuia mtu kwa umri. Darasa langu la likizo lilikuwa na walimu waliobakiza miaka minne wastaafu, na ndio waliokuwa wakifika wa kwanza asubuhi.

Nilipata D ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2003. Kuna mlango?

Upo, ila hauingii moja kwa moja chuo kikuu. Digrii inataka C+ kwa jumla. Diploma inataka C-. Cheti cha ufundi kinataka D, na hata mwenye E anaweza kuanza ngazi ya chini kabisa katika chuo cha kiufundi. Unachofanya ni kupanda: cheti, halafu diploma, halafu digrii, kwa kuwa mwenye diploma aliyefaulu vizuri anaweza kupokelewa kwa digrii ingawa KCSE yake haikufika C+. Safari hiyo ni ndefu, na mimi simdanganyi mtu kwamba itaisha upesi. Lakini kila kituo kina karatasi yake, na hata ukisimama njiani karatasi uliyoipata haikupotei.

Lipo jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa. Kozi nyingi hutazama pia alama ya somo mojamoja. Anayetaka uhasibu atatazamwa hesabu, anayetaka uuguzi atatazamwa baiolojia. Uliza hilo kabla ya kununua fomu.

Cheti changu cha KCSE kimebaki shuleni kwa sababu ya deni la karo.

Swali hili huku Pwani nalisikia karibu kila mwezi, na huniuma. Sheria ya Baraza la Mitihani, KNEC, ya mwaka 2012 inamkataza mkuu wa shule kuzuia cheti cha mtahiniwa. Nenda shuleni kwa adabu, ukiwa na kitambulisho, na ukikataliwa omba jibu kwa maandishi kisha ulipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kama cheti kimepotea au kimeliwa na mchwa, KNEC hupokea maombi ya cheti kingine kwa mtandao. Anza mapema, usingoje wiki ya kujisajili.

Nimepika hotelini miaka kumi na minane bila cheti. Ujuzi wangu hauhesabiki?

Unahesabika. Kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, chini ya mamlaka ya sifa za kitaifa, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Mtahini hukutazama ukifanya kazi, hukuuliza maswali na kutazama ushahidi wako, kisha ukifaulu hupewa cheti cha ngazi unayostahili. Kwa hiyo weka kila kitu: barua za waajiri, picha za kazi, orodha ya vyakula ulivyopika, hata kijitabu cha zamu. Nimewaona wapishi wa hapa Malindi wanaoongea Kiitaliano sawasawa na wanaoweza kuendesha jiko la watu mia mbili, na bado hupitwa cheo na kijana wa diploma aliyeajiriwa jana. Hao ndio ninaowasukuma zaidi wakatafute utambuzi huu.

Kazi ya hoteli haina ratiba. Nitasoma saa ngapi?

Tazama mwaka wenyewe wa Malindi. Kaskazi ikivuma, Disemba hadi Machi, wageni ni wengi na hulali. Kusi ikiingia na masika yakaja, kuanzia Aprili, hoteli nyingi hupunguza watu na nyingine hufunga kabisa mpaka Julai. Miezi hiyo wengi hukaa barazani wakihesabu siku. Mimi huwaambia: chukueni masomo mazito msimu huo, na msimu wa wageni mchukue somo moja tu au msichukue kabisa. Chuo kinachokubali kuandikisha masomo machache kwa muhula kinakufaa kuliko kile kinachokulazimisha kubeba yote.

Kuhusu mahali, chuo kikuu cha umma kilicho karibu nasi ni Pwani University, Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kwenda na kurudi kila jioni kwa matatu ni nauli nzito na ni usingizi unaouuza. Wikendi inawezekana. Ukichagua mtandao, usitegemee simu peke yake kwa kuandika kazi ndefu. Tafuta kompyuta hata ya mkono wa pili, na uwe unapakua masomo yako usiku mapema kwa sababu stima ikipotea haikuulizi kama una mtihani.

Nitajuaje kwamba chuo kinatambuliwa?

Kwa digrii, tazama orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ambayo iliundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kwa vyuo vya kiufundi, tazama orodha ya TVETA, mamlaka inayovisimamia. Usitosheke kuona jina la chuo, tafuta na jina la kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake moja ikawa haijaidhinishwa.

Haya nayasema kwa uchungu. Kabla ya digrii yangu nililipia diploma katika chuo kimoja kilichokuwa ghorofani, chenye bango zuri na mapokezi mazuri zaidi. Nilisoma mwaka mzima. Nilipopeleka karatasi yangu nikaambiwa haimo popote. Pesa ile ilikuwa ya mbuzi wa mama yangu. Tangu siku hiyo sijamruhusu mtu yeyote ninayemshauri alipe hata shilingi mia kabla hajaniletea jina la kozi kwenye orodha.

Karo je?

HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoanzishwa mwaka 1995, ina mkopo uitwao Jielimishe kwa waajiriwa wenye mshahara wanaorudi kusoma. Usiye na hati ya mshahara, uliza basari ya eneo bunge na ya kaunti, na uliza chuo chenyewe kama kinakubali kulipa kidogokidogo. Vingi hukubali, lakini havitangazi.

Mwanafunzi wa jioni anaweza kuichezea timu ya chuo?

Katika vyuo vyetu vya Kenya, mara nyingi ndiyo, bora awe amejisajili na anasoma kweli. Ugumu wake ni saa tu: timu hufanya mazoezi jioni, na jioni ndipo yeye yuko darasani. Timu za vyuo vyetu si za mchezo. Strathmore Leos na Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni timu za wanafunzi, na katika raga hukutana na vilabu vya watu wazima. Kwa Michezo ya Vyuo Vikuu ya Dunia, ile ya FISU, umri ndio mpaka: miaka 18 hadi 25. Kwa hiyo baba wa miaka 40 aliye mwaka wa pili ataichezea idara yake, na ataifurahia, lakini ndege ya kwenda Korea Kusini mwaka 2027 itawachukua vijana.

Mwanangu anakimbia sana. Ni kweli vyuo vya Marekani huwasomesha wakimbiaji bure?

Ni kweli kwa baadhi, na Wakenya wameutumia mlango huo kwa zaidi ya miaka hamsini. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Paul Ereng wa University of Virginia alitwaa dhahabu ya mita 800, na Peter Rono wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland, akatwaa ya mita 1,500. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Sharon Lokedi alipitia University of Kansas kabla ya kushinda marathoni ya New York mwaka 2022 na ya Boston mwaka 2025.

Sasa mzazi, nisikilize. Hao wametoka nyanda za juu, na kocha wa Marekani akisikia Kenya hufikiria Iten, mita 2,400 juu ya bahari. Sisi tuko usawa wa bahari. Kijana wa Malindi hatachukuliwa kwa sababu ya jina la nchi. Atachukuliwa kwa muda wake uliopimwa katika mashindano rasmi. Saa ya mkononi ya kocha, mimi nikiwemo, haitoshi. Kwa mita 800 wavulana, vyuo vya juu huanza kugeuka kumtazama mtu anayekaribia dakika 1 na sekunde 50. Mwanao akiwa na dakika 2 na sekunde 3 akiwa na miaka 15 kwenye uwanja wa mchanga, ana kipaji. Bado hana ufadhili.

Jambo la pili ni darasa. NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani kilichoanzishwa mwaka 1906 na chenye vyuo zaidi ya 1,000, hutazama masomo ya sekondari kabla ya kumruhusu mtu acheze. Kanuni yao ni masomo ya msingi 16, na wastani wa 2.3 kati ya 4 kwa Divisheni ya Kwanza, ndiyo ngazi ya juu ya mashindano yao, au 2.2 kwa Divisheni ya Pili. Hesabu, Kiingereza na sayansi zimo ndani. Tangu 2023 NCAA yenyewe haidai tena SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, lakini chuo chaweza kuudai, na mtihani wa Kiingereza karibu vyote huutaka. Nimekuwa na mvulana mwenye kasi niliyokuwa sijaiona hapa kwa miaka mingi. Hesabu aliiacha kidato cha pili kwa sababu aliambiwa miguu yake inatosha. Barua pepe ya kocha ilikuja, wakaomba matokeo, na barua ya pili haikuja.

Ajiandikishe chuo cha hapa kwanza, huku akingojea Marekani?

Hili ndilo swali nililoomba lisirukwe. Kwa kanuni ya Divisheni ya Kwanza iliyotumika miaka mingi, mwanafunzi ana miaka mitano ya kalenda ya kucheza misimu minne. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapojiandikisha kwa mara ya kwanza kama mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote, popote duniani. Kwa hiyo kijana aliyeingia chuo cha hapa kwa muda wote, akakaa miaka miwili akitafuta ufadhili, akiupata anakuta miaka miwili imeshaliwa. Wazazi hudhani wamemfanyia jambo jema kumtia chuoni asikae bure, na kwa maisha ya kawaida ni jema. Kwa saa ya NCAA limemgharimu.

Divisheni ya Pili huhesabu kwa namna nyingine: mihula kumi ya masomo ya muda wote, na muhula ambao hukusoma muda wote hauhesabiwi. Hapo ndipo elimu endelevu na michezo zinapokutana. Kijana anayesoma somo moja au mawili kwa jioni au wikendi hajaanza kuhesabiwa. Anajifunza kompyuta, anaimarisha Kiingereza, na mlango bado uko wazi. Lakini asikae miaka mingi akishindana ovyo, kwa kuwa Divisheni ya Kwanza huwapunguzia misimu wanaochelewa sana baada ya kumaliza sekondari. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo zisome upya kwenye ukurasa wa NCAA mwaka ule ule unaotuma maombi.

Ufadhili hulipa kila kitu?

Mara chache. Divisheni ya Tatu, ambayo ndiyo yenye vyuo vingi zaidi, haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo. Harvard na Yale na wenzao wa Ivy League pia hawatoi, ingawa husaidia kwa kuangalia uwezo wa familia. Hadi 2025 timu ya wanaume ya riadha na mbio za nyika katika Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa ufadhili 12.6 kwa timu nzima, na makocha waliugawa vipande vipande. Mmoja hupata robo, mwingine nusu. Ukiletewa barua, soma imeandikwa asilimia ngapi, kisha uulize nani analipa chakula, bima na tikiti ya ndege.

Na binti yangu?

Mlango wake ulikuwa mpana zaidi: ufadhili 18 mahali ambapo wanaume walikuwa na 12.6. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya 1972 iitwayo Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea pesa za serikali. Mzazi wa hapa anayemficha binti mwenye mbio ndani anafunga mlango ambao wengine waliupigania ukafunguliwa. Kuhusu mavazi, vazi la kujisitiri linakubalika katika riadha, na mabinti zangu wawili hukimbia na hijabu bila shida yoyote.

Nimesikia siku hizi wanalipwa mamilioni.

Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao, na kwa makubaliano ya mahakama ya Juni 2025 chuo kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa 2025-26. Sehemu kubwa huenda kwa wa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu. Na mgeni mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ana masharti makali ya kazi, anaweza kuipoteza viza kwa kutangaza viatu. Kijana wako asiende kwa hesabu hiyo.

Anaweza kusoma chuo cha Marekani kwa mtandao akiwa hapa, kisha awachezee?

Hapana. Kusoma kwa mtandao kunawezekana: Harvard wana kitengo cha elimu endelevu tangu 1910, na mtu aweza kufuata masomo yao akiwa Maweni au Shela. Lakini mchezaji wa NCAA anatakiwa awe na angalau krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kwa muhula, isipokuwa muhula wake wa mwisho, na viza ya F-1 huhesabu somo moja tu la mtandao. Mchezaji lazima awepo.

Ajenti anataka shilingi elfu themanini atutafutie nafasi.

Usimpe. Kocha anayemtaka mwanao humwandikia mwenyewe, kwa barua pepe ya chuo, bure. Kuna ada halali za usajili, za mitihani na za viza, na hizo hulipwa moja kwa moja kwa wahusika nawe ukapewa risiti. Nimeona shamba la minazi likiuzwa kwa ahadi ya mtu aliyekuwa na kadi ya biashara tu.

Ramadhani tunafanyaje mazoezi?

Tunapunguza, hatuachi. Wangu hukimbia taratibu saa moja kabla ya magharibi ili wafuturu mara wakimaliza, na mazoezi mazito huwa baada ya tarawehe. Kwa joto la Machi hapa Malindi simruhusu anayefunga kukimbia kwa kasi mchana, hata akiniapia ana nguvu.

Mimi nilicheza zamani. Nataka kuwa kocha. Kuna masomo?

Yapo, na ningependa wengi mje, kwa sababu vijana ni wengi kuliko mimi. Kwa soka kuna ngazi za leseni za CAF: D ndiyo ya kuanzia, kisha C, B, A na ya makocha wa kulipwa. Kwa riadha, Shirikisho la Dunia lina kozi zake kuanzia ngazi ya kwanza, na lina kituo cha mafunzo cha kanda jijini Nairobi. Kozi hizi huwa za siku au wiki chache, na vyuo vikuu kadhaa vina diploma na digrii za elimu ya viungo kwa anayetaka kuendelea. Lakini kabla ya zote kasome huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu. Mwaka juzi msichana alianguka kwa joto mazoezini, na katika watu wazima wote waliokuwa uwanjani ni mama mmoja muuza viazi karai aliyejua tumlaze kivulini, tumlegeze nguo na kummwagia maji. Yeye alikuwa ameisoma kozi hiyo.